Shabaha ya Kulipuka: Leseni ya Bunduki Inaishia Wapi?

Mada kwa semina ya wamiliki wa silaha, wavuvi na wachimbaji wadogo, Mtera

Video za walenga shabaha wa Marekani zimefika hadi kwenye simu za vijana wa Chipogolo na Migoli. Mtu anaweka kopo la plastiki mbali kondeni, anarudi nyuma, analenga, anafyatua. Badala ya kutoboka tu, kopo linalipuka kwa kishindo na wingu la moshi mweupe. Aina inayojulikana zaidi huitwa Tannerite, kwa jina la aliyeibuni, Daniel Tanner. Ndani yake kuna poda za aina mbili, hasa amonia naitreti na unga wa alumini. Zikikaa mbalimbali hazilipuki kwa risasi. Zikishachanganywa, risasi ya kasi ya bunduki huzilipua.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: mwenye bunduki na leseni halali anaweza kufanya mchezo huo shambani kwake hapa Mtera? Hawezi. Na sababu zake zinafaa kueleweka kabla mtu hajajikuta kituo cha polisi.

Kule Marekani mchezo huu umestawi kupitia upenyo wa sheria. Kwa serikali ya shirikisho, poda mbili zinazouzwa katika pakiti mbili tofauti si baruti. Zinakuwa baruti pale zinapochanganywa, na anayechanganya kwa matumizi yake mwenyewe, bila biashara, hahitaji leseni ya kutengeneza. Jimbo la Maryland liliziba upenyo huo mwaka 2012, lakini majimbo mengi hayajauziba. Matokeo yalionekana Aprili 2017 kusini mwa Arizona. Mtu mmoja alipiga risasi shabaha ya aina hiyo ili rangi itakayoruka itangaze jinsia ya mtoto aliyekuwa akitarajiwa. Nyasi zilikuwa kavu na upepo ulikuwa mkali. Moto uliofuata uliunguza zaidi ya ekari 45,000, na hasara yake ilizidi dola milioni 8. Mhusika alikiri kosa mwaka 2018, akatakiwa kulipa dola 100,000 kwanza, kisha 500 kila mwezi kwa miaka 20. Kosa lenyewe lilikuwa kuwasha moto bila kibali. Kumiliki shabaha ile hakukuwa kosa.

Anayeijua kanda ya kati ataona mara moja kwa nini kisa hicho kinatuhusu. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kisha nyasi hukauka kwa miezi mingi, na cheche moja inatosha kumaliza malisho ya kijiji kizima.

Sheria za Tanzania zimejengwa kwa namna nyingine. Bunduki na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, na mlango wake ni polisi. Milipuko ina sheria yake, Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na mlango wake ni wakaguzi wa sekta ya madini. Hii ya pili inagusa kutengeneza, kuingiza nchini, kununua, kusafirisha, kuhifadhi na kutumia. Kwa hiyo anayechanganya poda mbili ili zilipuke ameingia katika utengenezaji wa baruti, hata kama bunduki yake ina leseni safi na shamba ni la babu yake. Burudani haimpi msamaha.

Wachimbaji wanaujua utaratibu huu kuliko wengi wetu. Wilayani Mpwapwa, kwenye machimbo ya rubi ya Winza yaliyovuma kuanzia miaka ya 2007 na 2008, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hajifungulii ghala na kuchukua anachotaka. Baruti hukaa peke yake na fataki, yaani kiwashio chake, hukaa peke yake. Kinachotoka huandikwa daftarini, kinachobaki hurudishwa na kuandikwa tena. Anayepiga mwamba ni mwenye cheti. Ukali huo una maana, kwa sababu fataki moja ikichepuka kutoka mgodini huishia mahali pabaya.

Pwani wanajua huishia wapi. Machi na Aprili 2015, watafiti waliokuwa wakisikiliza sauti chini ya bahari kando ya pwani yote ya Tanzania walithibitisha milipuko 318 ya uvuvi wa baruti katika saa 231 za kurekodi, na karibu asilimia 62 ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Bomu la mvuvi ni chupa yenye mbolea, mafuta na fataki, yaani ndugu wa karibu wa lile kopo la Marekani. Mlipuko hupasua vifuko vya hewa vya samaki, wengi huzama bila kuokotwa, na makinda hufa pamoja na wakubwa. Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003, inakataza jambo hilo baharini na bwawani vilevile. Perege na kambale wa Mtera wanaouzwa wakavu kando ya barabara ya Iringa wanalisha familia nyingi mno kuwekwa rehani kwa chupa moja. Bwawa la Mtera lenyewe linaendesha mitambo ya megawati 80, tena linatunza maji ya mitambo ya megawati 204 ya Kidatu huko chini. Hapa si mahali pa kujaribia vishindo.

Mada hii inapendekeza mambo mawili. La kwanza, kanuni za baruti zitaje waziwazi pakiti za poda zinazouzwa mbalimbali kwa nia ya kuchanganywa, ili asitokee mtu wa kujitetea kwa hoja ya Marekani. Ni rahisi kuziba upenyo huo sasa, kabla duka la kwanza halijafunguliwa. La pili, kila anayehuisha leseni ya bunduki, na mwenye gobore naye, aelezwe kwa Kiswahili chepesi kwamba leseni ile inaishia kwenye risasi na haifiki kwenye mlipuko.

Kwa leo, lililo mikononi mwa washiriki ni dogo na la haraka: anayekuta fataki iliyosahaulika karibu na duara au kwenye machimbo ya kokoto asiishike wala asiipeleke nyumbani. Awaondoe watoto, aweke alama mahali hapo, kisha apige simu kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi.