Fedha ya Ziada Tuiweke Wapi?

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa waliosoma hapa, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita)



Mimi si mtaalamu wa benki wala si dalali. Ni mtumishi wa serikali ninayeishi kwa mshahara, kama walivyo wengi wetu hapa. Nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma, na mengine kwa kuumia.

Wa zamani mnakumbuka siku ya kufungua shule. Nauli ya kurudia nyumbani tuliikabidhi kwa mwalimu wa bweni. Fedha ya sabuni na madaftari tuliifungia sandukuni. Ya karanga na maandazi ilikaa mfukoni. Hatukuuliza ni wapi penye faida kubwa. Tuliuliza fedha hii itatakiwa lini. Neno langu la leo ni hilo hilo.

Mwaka 2008, nikiwa mgeni kazini, nililipwa malimbikizo ya mshahara. Pamoja na akiba yangu nilikuwa na shilingi milioni 3. Nilizitia zote katika kiwanja nje kidogo ya mji. Karatasi zake zilikuwa safi, nami nikajiona mjanja. Miezi minne baadaye baba alianguka, akavunjika nyonga. Fedha zikatakiwa, nami sikuwa na kitu ila ardhi. Wiki tatu nilihangaika na madalali. Mwishowe nilikiuza kwa milioni 1 na laki 8, kwa sababu mnunuzi aliyeijua shida yangu hakuwa na haraka. Baba alitibiwa, akaishi miaka mingine 9, lakini kwa fimbo na kuchechemea. Kama wiki zile tatu zingeuokoa mguu wake, sijui. Yeye hakuniuliza kamwe. Mimi ndiye ninayejiuliza.

Kiwanja hakikuwa na kosa. Kosa ni langu, kuitia fedha ya dharura mahali pa kungoja miaka 10.

Sasa tupime. Mwenye deni la riba kubwa aanze kulilipa, maana hakuna akiba itakayompa faida inayolingana na riba anayotozwa. Akishamaliza, fedha yake aigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la dharura: matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Mahali pake ni akaunti ya akiba benki. Riba yake ni ndogo. Tuseme umeweka shilingi 1,000,000 kwa riba ya 3 kwa mia, na bei za vitu zimepanda kwa 4 kwa mia. Mwaka ukiisha una 1,030,000, lakini kilichouzwa milioni sasa ni 1,040,000. Umepungukiwa shilingi 10,000. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa na fedha karibu, na kwangu si kubwa. Mimi kwa kuikwepa nilipoteza laki 12.

Fungu la pili ni la mwaka mmoja hadi mitatu: ada ya mtoto, mahari, mabati. Hapa kuna amana ya muda maalumu benki, ambayo riba yake hupita ile ya akiba, ila ukiivunja kabla ya siku yake waweza kuikosa riba hiyo. Kuna dhamana za serikali za muda mfupi, ambazo hazizidi siku 364. Tena kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama inayosimamiwa na UTT AMIS, ambayo Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005. Wengi wanachanga, nanyi mnagawiwa vipande. Wataalamu wanazitawanya fedha hizo katika amana, hatifungani na hisa. Thamani ya kipande hutangazwa, na ukitaka kuuza hulipwa baada ya siku chache za kazi. Kwa anayeanza na fedha kidogo, hapa naona ni mlango mzuri. Lakini asome kwanza mfuko husika umewekeza wapi: wenye hisa nyingi huweza kushuka, wenye amana nyingi hutulia.

Fungu la tatu ni la miaka mingi. Hatifungani ya serikali ni mkopo unaoipa serikali, kwa miaka 2 hadi 25. Benki Kuu huendesha minada, nawe hushiriki kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa. Kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Kama riba ni 12 kwa mia, kila miezi sita utapokea shilingi 60,000, na mwisho milioni yako itarudi. Ukiitaka mapema, yabidi uiuze sokoni. Ikiwa hatifungani mpya zinatoa riba kubwa kuliko yako, mnunuzi atataka umpunguzie bei.

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na baada ya miaka zikavuka 2,000. Za Vodacom Tanzania ziliuzwa mwaka 2017 kwa shilingi 850, kisha zikashuka chini ya hapo. Soko ni lile lile. Kwa hiyo usinunue hisa kwa fedha ya ada.

Ardhi nayo ni hazina, lakini ihakikishe ofisi ya ardhi na serikali ya mtaa, nawe uwe umekwisha kuliweka fungu la kwanza.

Na yeyote atakayekuahidi kuzidisha fedha yako mara mbili kwa miezi mitatu, muulize faida hiyo inatokana na kazi gani. Akikujibu kwamba uwalete wenzako, ondoka.

Ninyi wanafunzi mtasema hamna fedha ya ziada. Lakini mna desturi ya kugawa, na hiyo ndiyo ngumu kuipata ukubwani. Mimi nina miaka 46. Nilirudia kununua kiwanja nikiwa na 38, baada ya kuijaza akiba ya dharura. Akiba hiyo ndiyo iliyomtibu mama mwaka jana, siku ile ile alipougua.