Je, Mkristo Haokoki Bila Utatu?

(Mawaidha kwa vijana wa Mbotela, kabla ya futari)



Ndugu zangu, mada hii sikuichagua mimi. Imeletwa na kijana mmoja wa hapa hapa mtaani. Yeye amesilimu, mamake bado yuko kanisani. Siku moja akamwambia, "Mama, hebu nielezee Utatu." Mama akashindwa. Kijana akasema, "Basi hata kwa dini yako mwenyewe huokoki." Tangu siku hiyo hawali pamoja. Sasa anataka nimwambie kwamba alishinda mjadala.

Tuangalie kwanza kama alilosema ni kweli, manake kumzulia mtu dini yake ni uongo kama uongo mwingine, na tumefunga.

Liko la kumuunga mkono. Kuna kanuni ya imani ya kale iitwayo ya Athanasio, ingawa wataalamu wanasema si yeye aliyeiandika. Wakatoliki na Waanglikana wameirithi, nayo inasema wazi kwamba asiyeushika Utatu hataokoka. Mafundisho yenyewe yalipitishwa na maaskofu huko Nikea mwaka 325, kisha Konstantinopoli mwaka 381. Na watu wameuawa kwa ajili yake: Michael Servetus alichomwa moto Geneva mwaka 1553, na moja ya makosa aliyohukumiwa ni kuukana Utatu.

Lakini fungua Matendo ya Mitume, sura ya 16. Mlinzi wa gereza anawauliza Paulo na Sila afanye nini apate kuokoka. Wanamwambia amwamini Bwana Yesu, na usiku ule ule anabatizwa yeye na watu wake. Habari ya nafsi tatu hakuulizwa. Paulo akiwaandikia Warumi, sura ya 10, anataja kukiri kwamba Yesu ni Bwana na kuamini kwamba alifufuliwa. Hayo nayo sisi hatuyakubali, lakini Utatu haumo.

Sasa toka hapa ufuate Barabara ya Jogoo. Mashahidi wa Yehova wanaotugongea milango wanaukataa Utatu kabisa. Wako Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu peke yake, nao hawakubali nafsi tatu. Mwendee mmoja wao na swali lako la "watatu au mmoja," atakucheka. Na Wakatoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waliandika mwaka 1964 kwamba mpango wa wokovu unawahusu hata Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Yaani wenye kanuni ile kali wametuachia mlango sisi, halafu wewe unamfungia mamako!

Msinielewe vibaya. Qur'ani imekataza kusema "watatu," Suratun Nisaa aya ya 171, na hapo hatupunguzi kitu. Mweleze mamako tawhidi, mweleze Nabii Isa (a.s.) ni nani kwetu. Lakini kumpa mtihani wa jambo ambalo hata makasisi wenyewe wanaliita fumbo, hiyo si daawa.

Suratu Luqman, aya ya 15, inawataja wazazi wanaokushurutisha umshirikishe Mwenyezi Mungu. Usiwatii, lakini kaa nao kwa wema. Na mama huyu hakumshurutisha mtu. Nimeuliza, nikaambiwa Ramadhani iliyopita yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha mwanawe kula daku.

Kijana mwenyewe anajijua. Maghribi imekaribia. Chukua tende hizo, tuswali, kisha ukale kwa mamako. Isha utatukuta hapa hapa.