Vijana na Uchaguzi: Kazi Haiishi Siku ya Kura

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia, Ruaha)



Tunasikia mara nyingi kwamba vijana hawajali siasa. Hapa kwetu mambo hayako hivyo. Mwaka 2015 jimbo la uchaguzi la Mikumi lilimchagua Joseph Haule, yaani Profesa Jay, msanii aliyevuma kwa "Ndio Mzee", wimbo unaomkejeli mwanasiasa wa ahadi tupu. Mwaka 2020 kiti kilikwenda kwa Dennis Londo. Hatumpigii debe mtu yeyote. Tunakumbusha tu kwamba vijana walianza zamani kuuliza: tukishakupa kura, kinafuata nini?

Kitaifa, mwaka 2010 walijiandikisha watu zaidi ya milioni 20, lakini waliopiga kura hawakufika milioni 9. Mwaka 2015 walipiga kura kama theluthi mbili ya walioandikishwa. Mwaka 2020, kama nusu. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa na maisha ya watu yakapotea. Tunawaombea marehemu. Tunajiuliza pia: kabla ya siku ile, vijana hao walisikilizwa wapi?

Mahali pa kuanzia tunapo. Kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo. Katika Kilosa, ambako Desemba 2000 tulizika watu wa Rudewa Mbuyuni kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji, idhini hiyo si jambo dogo. Kijana asiye na shamba akikosa mkutano, wengine wanaamua kwa niaba yake.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Tangazeni mikutano ya kijiji baada ya misa. Wafundisheni vijana kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Na katika kamati zenu wenyewe, wapeni vijana nafasi ya kuamua, si kupanga viti tu. Atakayezoea kuhoji hesabu za parokia kwa heshima hataogopa kumhoji diwani.

Mungu awabariki.