Mpira Ulio Katikati ya Vyuma

Ninyi makatekista, huenda saa hii mmeegesha pikipiki zenu chini ya mwembe wa kigango, mkiwangojea waamini wakusanyike. Leo tunataka kuzungumza hasa na ninyi wenye pikipiki. Lakini wengine msizime redio, kwa maana jambo lenyewe litamfikia hata yule asiyewahi kushika spana.

Tulipokuwa tukihudumu katika parokia moja ya bara, yenye vigango vilivyotawanyika ng'ambo ya mito miwili, tulikuwa na pikipiki moja tu. Aliyeitumia zaidi alikuwa katekista wetu. Kwa pikipiki hiyo alipeleka ratiba za ibada, alifundisha wakatekumeni, akatuletea habari za wagonjwa. Basi pikipiki ile ikaanza kuwa na tabia mbaya. Kila alipovuta mafuta iliruka mbele kama ndama aliyechapwa. Kila alipoyaachia ilijirudi ghafula, na huko nyuma ukasikika mgongano kama wa mtu agongaye sufuria. Cheni ikalegea. Tukanunua cheni mpya na sproketi zake mbili. Haikupita hata miezi minne, cheni hiyo nayo ikawa imekaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine, na meno ya sproketi ya nyuma yamepinda kama kucha za mwewe.

Halmashauri ya walei ikakaa. Fedha za parokia ni sadaka za watu, na waliouliza zilikokwenda walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini swali liligeuka upesi likawa hukumu: mwalimu anaendesha kwa fujo, mwalimu anabeba abiria kwa malipo. Hakuna aliyewahi kumwona akibeba abiria. Mwenyewe alikuwa ametuambia mara moja, sakristiani, "Baba, kuna kitu kinagonga kule nyuma," nasi tulimjibu kwamba apunguze mwendo. Siku ile ya kikao tulikaa kiti cha mbele tusimtetee. Ufunguo ukachukuliwa. Kwa wiki sita alikwenda vigangoni kwa miguu, wala hakunung'unika.

Ndipo gurudumu la nyuma lilipopata pancha, na safari hii aliyekuwa juu ya pikipiki tulikuwa sisi wenyewe. Tuliisukuma mpaka kwa fundi mmoja mzee, mwenye kibanda kando ya njia. Tulimwomba azibe tyubu tu. Alichomoa ekseli, akalitoa gurudumu, na kabla hajaligusa tairi akaishika sproketi kwa mikono miwili akaitikisa mbele na nyuma. Ikacheza kama jino la mtoto. Akatutazama, akasema, "Baba Paroko, hii cheni mmeionea bure." Akaiinua sproketi pamoja na sahani inayoibeba, ikatoka bila kushindana, na vipande vya mpira vikamwangukia miguuni. Vilikuwa vigumu kama kokwa za maembe zilizokaushwa juani, na viwili kati yavyo vilikuwa vimemeguka kabisa.

Wengi wetu hudhani kwamba sproketi ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Katika pikipiki nyingi sivyo. Imefungwa kwenye sahani ya chuma au aluminiamu, na sahani hiyo ina mapezi yanayoingia ndani ya habu. Habu nayo ina kuta zake za ndani. Kati ya pezi na ukuta hukaa kipande cha mpira. Nguvu ya injini hutoka katika cheni, huingia katika sproketi, huusukuma mpira, na ni mpira unaolisukuma gurudumu. Pikipiki za aina nyingine zina pini nene zilizovalishwa bushi za mpira, lakini kazi ni ile ile: chuma kisikutane na chuma.

Na kwa nini wahandisi waliona haja ya kuweka kitu laini mahali penye nguvu nyingi hivyo? Kwa sababu injini haivuti kama mto unavyotiririka. Huvuta kwa mapigo. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne hupata mlipuko mmoja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni milipuko 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa kila sekunde. Ongeza hapo gia inayoingizwa kwa pupa, klachi inayoachiwa ghafula, na shimo linalolishtua gurudumu. Misukosuko yote hiyo hupita katika vile vipande vidogo. Hubonyea kidogo, hurudi mahali pake, hubonyea tena. Cheni, beringi na gia hupona kwa sababu yavyo, wala hakuna anayevikumbuka, kwa maana havionekani mpaka gurudumu litolewe.

Mpira wenyewe si kitu cha milele. Utomvu wa mpira usipotiwa dawa hunata kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara na wenye kunyumbulika, na mwaka 1844 akapewa hataza ya uvumbuzi huo. Hata hivyo joto, hewa na miaka huendelea kuukausha. Petroli na grisi huweza kuuvimbisha na kuulegeza. Ukisha kukauka na kulika, nafasi hutokea kati yake na pezi; mwanzo nafasi ya unene wa kucha, kisha ya kidole. Hapo kila ukivuta mafuta pezi hupata mahali pa kukimbilia kabla ya kugonga.

Basi hapa ndipo tulipokosea, ndugu zangu. Mpira hauna sauti. Ulipokuwa ukifanya kazi haukusikika, na ulipochakaa haukusikika vilevile. Kilichosikika ni vyuma, nasi tukavifuata vyuma. Tukabadilisha kilichopiga kelele, tukakiacha kilichochoka.

Tulikaa juu ya tairi kuukuu pale kibandani, tukimtazama mzee akipangusa habu kwa kitambaa, na aibu ikatuingia. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hasira ya paroko ilimfikia mwalimu kwanza. Naye aliifikisha kigangoni ikiwa imekwisha kupoa. Manung'uniko ya kigango yalimfikia yeye kabla yetu. Nasi tulipoyapata yalikuwa maombi ya adabu. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba sisi na waamini wetu ni watu wapole. Katika nyumba nyingi mpo akina mama mnaoijua kazi hii, mnaokaa kati ya baba na kijana wake. Nanyi wenye nyumba mnaotusikiliza, huenda mkasema nyumba yetu ina amani. Siku milango inapoanza kubamizwa, huulizwa habari za milango.

Kwa kuwa tunajua makatekista mtatuuliza, tuwaambie alivyotufundisha mzee. Zima injini, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, ingiza gia ya kwanza. Shika gurudumu la nyuma, lizungushe kidogo mbele na nyuma huku ukiitazama sproketi. Gurudumu likikuzuia kwa ulaini, kama godoro, mipira ingali hai. Likicheza ovyo hali sproketi imetulia, kisha likagonga, mipira imekwisha. Wako mafundi wanaozungushia vipande vya tyubu kuukuu ili kujaza nafasi, na mzee hakuwadharau. Alisema vitakufikisha nyumbani. Lakini ukinunua, nunua vyote na uvibadilishe kwa pamoja, kwa maana kipya kimoja kikiwekwa kati ya vilivyochoka, hicho ndicho kitakachobebeshwa kazi ya wote. Vikikataa kuingia, tumia maji ya sabuni, usitumie grisi. Na kile kibushi kidogo kinachokaa katikati ya beringi ya sahani usikipoteze mchangani, la sivyo utakapokaza ekseli utaiua beringi.

Bei ya mipira ile haikufika hata bei ya sproketi moja.

Dominika iliyofuata, baada ya matangazo, tulimwita mwalimu mbele ya watu wote. Tulieleza habari ya mipira kama tulivyowaelezeni ninyi, tukasema kwamba tulimhukumu bila kumsikiliza naye alikuwa ametuambia, tukamwomba msamaha. Baadhi ya wajumbe wa halmashauri waliinama. Mwalimu aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Baba," wala hakuongeza neno.

Alitoka nje akiwa bado na koti lake la ibada. Tulimwona kupitia dirishani akiipandisha pikipiki kwenye stendi, akachuchumaa, akalishika gurudumu la nyuma na kulitikisa mara mbili, akasikiliza. Kisha akaiwasha akaenda zake kigango cha ng'ambo ya mto wa pili, ambako palikuwa na mgonjwa aliyekuwa akimngoja tangu Ijumaa.