Bruckner na Wazee wa Besi: Neno la Katibu

 

Mmetuuliza kwa nini kwaya ya Nakuru ihangaike na nyimbo za Ulaya za karne ya 19. Tuseme ukweli: hata sisi tuligombana. Tulipoleta Locus iste ya Anton Bruckner, wazee wa besi, waliokulia kwenye solfa, walisema noti za mistari mitano zinawafukuza kwaya. Wawili walikaa nyumbani Jumamosi tatu.

Kilichowarudisha ni habari za Bruckner mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa shule za vijijini Austria, kisha mpiga kinanda kanisani. Kuanzia 1855 hadi 1861, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, alisoma nadharia ya muziki kwa Simon Sechter wa Vienna, sehemu kubwa kwa barua. Sisi tuliosomea diploma wakati wa likizo tunamwelewa!

Wimbo ni mfupi, hauna kinanda, na aliutunga 1869 kwa kutabaruku kanisa dogo huko Linz. Unaanza kwa utulivu. Katikati besi wananyamaza, sauti tatu zinatembea kwa hatua za nusu, na hapo sauti ya tatu iliteleza miezi miwili. Tuliandika solfa kwa penseli juu ya kila noti. Wazee walewale ndio waliotusahihisha; masikio yao ni makali kuliko yetu.

Leo, katika Misa ya jubilei, tutauimba baada ya Komunyo. Besi wakinyamaza, msidhani wamesahau.