Kanda zetu za zamani na televisheni mpya

(Maneno ya walimu wa shule ya msingi mbele ya mkutano wa Kamati)



Sisi walimu tumepewa dakika chache tueleze habari ya lile sanduku la kanda za video lililoko katika ofisi ya Kamati. Zimo kanda 19. Nyingi zilipigwa katika miaka ya kwanza, baada ya watu wetu kuvuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini. Zina harusi, mazishi, darasa la kwanza lililofundishwa chini ya turubai, na wazee wakitaja vijiji vya Fizi kimoja kimoja, pamoja na majina ya waliobaki njiani. Wengi wa wazee hao hatunao tena.

Ilipoletwa televisheni bapa katika ukumbi wa vijana, ilisemekana kwamba deki ya zamani haiwezi kuunganishwa nayo, na likatoka shauri kwamba sanduku litupwe ili ofisi ipate nafasi. Tunaomba shauri hilo lisipite. Deki ni nzima na televisheni ni nzima. Kinachokosekana katikati yao ni mkalimani, na sisi wakimbizi tunajua vizuri mahojiano yasiyo na mkalimani yanavyokwenda.

Nyuma ya deki yetu kuna tundu la njano la picha, tundu jeupe la sauti, na tundu la antena. Deki nyingine zina na jekundu, kwa sauti ya upande wa pili. Televisheni mpya haina matundu hayo ya rangi. Ina matundu ya HDMI, ambayo hupokea picha ya dijitali tu, na deki haiijui lugha hiyo. Kifaa kinachotakiwa ni kigeuzi kidogo, kinaenea kiganjani. Waya za deki zinaingia upande mmoja, na waya wa HDMI unatoka upande wa pili kwenda kwenye televisheni. Umeme wake ni wa volti 5, kama wa chaji ya simu. Hata tundu la USB la televisheni linaweza kuutoa. Kisha rimoti inachagua HDMI, na deki inabonyezwa icheze.

Anayetumwa sokoni awe macho. Vigeuzi viko vya aina mbili, navyo hufanana kama pacha. Kimoja hutoa AV kwenda HDMI, na kingine hutoa HDMI kwenda AV. Sisi tunataka cha kwanza. Asome maandishi ya juu, asimsikilize muuzaji anayesema vyote ni sawa.

Zipo televisheni bapa zenye tundu dogo la duara, kama la kisikilizio cha redio, lililoandikwa AV. Mwenye hiyo hahitaji kigeuzi, bali waya wenye kichwa kidogo upande mmoja na rangi tatu upande wa pili. Waya hizo hazikutengenezwa zote kwa mpango mmoja. Picha ikikataa, jaribu kuingiza ile nyekundu mahali pa njano. Na njia ya antena nayo ipo, ikiwa televisheni bado inapokea analogi: acha kanda icheze, halafu itafute stesheni kwa upande wa analogi, si wa dijitali.

Picha ikitokea na nyuso zikaonekana pana, weka 4:3 kwa rimoti. Picha ya zamani ilikuwa upana 4 kwa kimo 3, na kioo cha sasa ni 16 kwa 9. Wazee wetu wa mwaka 1997 hawakuwa wanene kiasi hicho.

Kanda mbili zilirekodiwa Zaire kwa mtindo wa SECAM, wa Kifaransa. Deki yetu ni ya PAL, mtindo wa Tanzania, kwa hiyo hizo zitatoka bila rangi. Tuzitazame hivyo hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuunda deki hizi, iliacha mwezi Julai 2016. Hii yetu ikifa, tutabaki kuokoteza mitumba. Na kanda zenyewe zinaoza: tatu zina unga mweupe unaoonekana dirishani. Huo ni ukungu. Mtu yeyote asizitie ndani ya deki, maana ukungu utachafua vichwa vyake na kuhamia katika kanda nyingine. Zilizobaki tumezisimamisha wima, mbali na sakafu.

Kwa hiyo hatuombi mashirika televisheni nyingine. Tunaomba kigeuzi kimoja, kifaa kidogo cha kunakili picha kwenda kwenye kompyuta, na saa za jenereta. Kanda iliyoandikwa E-180 ni saa 3, na kuinakili ni saa 3 vilevile, haiharakishwi. Ikisha nakiliwa, familia zilizohamia Marekani zinaweza kupelekewa kwa simu. Wengine wameondoka bila picha hata moja ya mama zao.

Tunashauri pia kwamba kanda za mazishi zisionyeshwe ukumbini kabla ya wenyewe kuitwa. Si vizuri mtoto amwone marehemu baba yake kwa mara ya kwanza katikati ya watu wanaotafuna karanga.

Orodha ya kanda tumeibandika mlangoni pa ofisi. Ambaye jamaa yake anatajwa humo aje kwa walimu Jumamosi baada ya saa 8 mchana, akiwa na mtu mzima wa familia anayeweza kuzitambua nyuso.