Mtoto Asipotee Katika Wengi

Hotuba ya walimu wakimbizi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Tumeombwa sisi walimu tuseme juu ya vijana wanaotoka katika shule ndogo na kuingia sekondari kubwa za hapa Nchelenge. Tunaomba subira yenu kidogo.

Wengi wetu tulivuka kutoka Kongo mwaka 2017, tukapokelewa Kenani, na kuanzia Januari 2018 tukaanza kupewa viwanja Mantapala. Vijijini kwetu, upande wa Pweto na Moba, shule ilikuwa ndogo. Mwalimu alijua jina la mtoto, jina la mama yake na njia ya shamba lao. Mtoto akikosa siku mbili, mwalimu alipita nyumbani jioni kuuliza. Mtoto alijulikana bila kufanya lolote.

Katika shule kubwa kila somo lina mwalimu wake, na kila mwalimu ana madarasa mengi. Mtoto akinyamaza, mwezi wa kwanza wanasema ana adabu. Mwezi wa pili wanasema ni mzito. Mwezi wa tatu kiti chake kiko wazi, naye yuko ziwani anavuta nyavu au ameolewa. Na huenda masomo aliyajua tangu siku ya kwanza.

Tutoe mifano. Kwetu alama za somo huweza kuhesabiwa juu ya 20. Hapa huhesabiwa juu ya 100. Mtoto akisema, «Nilipata 14», mwalimu anadhani alianguka, kumbe ni sawa na 70. Kwetu desimali huandikwa kwa mkato, hapa kwa nukta. Katika kugawanya, kwetu namba inayogawa huwekwa kulia. Hapa huwekwa kushoto. Mtoto anayejua hesabu anaitazama ubaoni kama kitu kigeni. Tena kwetu mwaka wa shule huanza Septemba, hapa Januari. Aliyemaliza Julai anakaa nusu mwaka akingoja, na katika kungoja huko wengi hupotea.

Kubwa kuliko yote ni lugha. Tumefundishwa kwa Kifaransa, na Zambia inafundisha sekondari kwa Kiingereza. Hata hivyo tunayo akiba: Kibemba kinasemwa pande zote mbili za Mweru. Bukari yetu wao wanaiita ubwali, lakini sahani ni moja. Mtoto mwenye Kibemba anaweza kupata rafiki siku ya kwanza, na rafiki huyo atamweleza neno la Kiingereza kabla mwalimu hajafuta ubao.

Kwa hiyo tunasema hivi. Katika shule ndogo kujulikana kulikuja kwenyewe. Katika shule kubwa ni kazi, na kazi hiyo mtoto asiachiwe peke yake.

Ninyi wanafunzi: wiki ya kwanza mwambieni kila mwalimu jina lenu na mlikotoka. Kaeni mbele. Usipoelewa, inua mkono, hata kama Kiingereza chako kimevunjika. Msikae Wakongo peke yenu chini ya mti mmoja kila mapumziko. Kaeni pamoja siku moja, siku ya pili nendeni kwa wenzenu Wazambia.

Ninyi wazazi: fikeni shuleni kabla hamjaitwa. Mama asiyejua Kiingereza asiogope, Kibemba kinatosha kusalimia. Mwalimu akishaiona sura yako, hatamsahau mtoto wako. Na binti asirudishwe jikoni kwa sababu muhula wa kwanza alipata alama ndogo. Muhula wa kwanza anajifunza lugha. Mpeni mwaka mzima.

Ninyi ndugu wa mashirika: madaftari na sare tunashukuru sana. Tunaomba pia masomo ya Kiingereza katika miezi ile ya kungoja, Julai hadi Desemba, na kwamba mtoto asishushwe madarasa mawili au matatu kabla hajapimwa hesabu kwa lugha anayoielewa. Kijana wa miaka 17 aliyeketishwa na watoto wa miaka 12 hatakaa muda mrefu.

Na sisi walimu tunaahidi. Kila mwanafunzi anayetoka kwetu tutampa barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza: anajua nini, alama zake ni ngapi juu ya 100, nyumbani anaishi na nani. Tutampa pia mkubwa mmoja aliyetangulia katika shule ile, wa kutembea naye muhula mzima. Na mtoto akikosa siku mbili, tutapita nyumbani jioni kuuliza, kama tulivyozoea.